Celica ya Pasua: Mnahesabu Milango, Hamhesabu Lita

Kuna picha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Moshi tangu mwezi uliopita. Celica nyekundu imepaki Pasua nje ya geti la bati, mdada kavaa sare nyeupe ya unesi, mkono uko kwenye kitasa. Aliyepiga alikuwa mbali, kavuta picha mpaka imekuwa chenga chenga. Chini kaandika maneno manne tu: "Mshahara wa nesi kweli?"

Basi, mji ukapata kazi. Ndani ya saa moja mdada alishapewa mzee wa Arusha, alishapewa daktari mwenye mke, na kuna mmoja akaapa kabisa kwamba gari hiyo aliiona Boma Ng'ombe inaendeshwa na mwanaume mwenye kitambi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kawaida ambalo mtu yeyote mwenye gari angeuliza: hiyo kitu inakunywaje?

Inakunywa vizuri tu. Mdada wa watu anaponzwa na umbo la bodi.

Wanaomjua wanasema gari kaipata hivi. Kulikuwa na kaka mmoja Majengo anahamia Mwanza, ana Celica ameitangaza miezi, hakuna anayepiga simu zaidi ya wale wa "bei ya mwisho ngapi" kisha kimya. Milango miwili, nani anataka? Mwenye familia hataki, mwenye Uber hataki, kijana anaitamani lakini hana hela. Bei ikashuka mpaka ikawa chini ya IST nzuri namba D. Mdada alikuwa na akiba ya kikoba pamoja na hela aliyouzia kiwanja kidogo alichoachiwa na baba yake. Kabla ya kulipa alimpeleka fundi akaangalie. Fundi alifungua boneti, akachungulia, akacheka: "Dada, hii ni injini ya Allion imevaa suti."

Hiyo kauli ya fundi wengi hawaielewi, na ndipo kesi yote ilipolala.

Jina la Celica lina historia huku kwetu. Wazee waliokuwa vijana miaka ya 80 na 90 wakisikia Celica wanaona vumbi la Safari Rally. Toyota ilishinda Safari kwa Celica mwaka 1984, 1985 na 1986, ikaja ikashinda tena 1990, 1992, 1993, 1994 na 1995. Mara nane. Ya 1994 alishinda Ian Duncan, Mkenya, ndo maana hadi leo ukikaa na mzee wa Nairobi mwenye kupenda magari utaisikia hiyo stori upende usipende. Zile Celica za miaka ya 90 zilikuwa GT-Four, zina turbo, zinavuta matairi yote manne, na mafuta zinakunywa kama zimetoka jangwani. Jina likabaki na sifa hiyo kichwani mwa watu.

Sasa Celica ya huyu mdada ni ya kizazi cha mwisho, kilichoanza kutengenezwa 1999 na kufungwa 2006. Haina turbo. Inavuta matairi ya mbele tu kama Vitz. Injini yake ni 1ZZ-FE, cc 1,800, ileile iliyofungwa kwenye Allion na Premio za 1.8, kwenye Wish, kwenye RAV4 ndogo ya 1.8. Yaani mwalimu mkuu anayekwenda nayo kanisani kwenye Premio yake, na wale wanaomsema huyu mdada kwa madirisha ya RAV4, wote wamefungiwa moyo mmoja. Tofauti ni kwamba Celica ina uzito wa kilo 1,100 hivi na imelala chini, upepo unaipita juu bila ugomvi. Gari nyepesi iliyochongwa vizuri haisumbui injini. Hapo hakuna uchawi.

Vipimo vya wakala wa mazingira wa Marekani, EPA, vinaiweka Celica hii ya kawaida kwenye kilomita 12 hivi kwa lita ukichanganya mjini na barabara kuu. Toyota Highlander ya 2.4 ya miaka hiyohiyo, ambayo ina injini sawa na ya Harrier 240G, wanaiweka kwenye 9 na kitu. Na Harrier 240G ndo ile mnayoiita tako la nyani, ambayo mtu akiinunua Moshi anapewa hongera mpaka na padri.

Hapo lazima kuwe na tahadhari, maana wapo watakaosoma mpaka hapa wakakimbilia kununua Celica yoyote. Ziko mbili. Kuna SS-I, hii ya 1ZZ, na kuna SS-II yenye injini ya 2ZZ-GE ya farasi 190. Ile ya pili ni mnyama kweli, inataka petroli ya kiwango cha juu, na ukiizoea kule juu ambako mlio unabadilika utaona taa ya mafuta inawaka kila Jumatano. Hiyo ya pili si ya kwendea kazini kwa mshahara wa serikali. Angalia boneti kwanza, stika baadaye.

Turudi Pasua. Pasua iko bondeni, kusini ya mji, na hospitali anakofanya kazi huyu mdada iko upande wa juu. Mwendo wa kilomita 8 hivi kwenda, 8 kurudi. Ukijumlisha soko la Memorial, kanisani, na safari za kumpeleka mama yake kliniki, kwa mwezi anatembea kama kilomita 500. Mjini kuna matuta, kuna bajaji, kuna mangi anayeshusha mchele katikati ya barabara, kwa hiyo zile 12 za Wamarekani zisahau. Ipe 10. Ni lita 50 kwa mwezi. Petroli tuifanye shilingi 3,000 kwa lita kwa ajili ya hesabu rahisi, maana EWURA hubadilisha bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na imeshawahi kupita 3,200 Dar, Oktoba 2023. Lita 50 mara 3,000 ni 150,000.

Kabla ya gari alikuwa anapanda boda. Shilingi 3,000 kwenda, 3,000 kurudi, zamu 22 kwa mwezi, ni 132,000. Zile za usiku boda anapandisha, kwa hiyo unaishia palepale kwenye 150,000, na hapo hajaenda sokoni wala mama hajaenda kliniki. Tena huyo ni mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, wakati mwingine saa nne akichelewa kukabidhi zamu, anapanda nyuma ya mtu asiyemjua, mvua ya Aprili, barabara ya Pasua imekuwa mto. Mwenzake mmoja wa wodini aliporwa simu na mkoba usiku wa namna hiyo. Tangu siku hiyo ndo mdada akaanza kutafuta gari. Kwenye magrupu hilo halimo, kuna mzee wa Arusha tu.

Kuna wanaosema angechukua IST. Sawa, ni hoja. IST ya 1.3 mjini inaenda kama 13 kwa lita, kwa kilomita zilezile inakunywa lita 38 na nusu, yaani 115,000 na kidogo. Inamshinda Celica kwa elfu 35 kwa mwezi. Hakuna anayebisha. Ila IST inapendwa na kila mtu, kwa hiyo bei yake haishuki hata ikiwa imechoka. Alikuwa anatakiwa aongeze hela ambayo hakuwa nayo. Celica haipendwi na mtu, kwa hiyo ilikuja kwa bei ya kutupa. Ile tofauti ya bei ya kununulia inalipa hiyo elfu 35 kwa muda mrefu sana. Watu wa mjini wanajua bei ya kila simu mpya ila hesabu ndogo kama hii inawashinda.

Kitu kingine ambacho watu wamekisahau: zamani kila mwaka ulikuwa unalipia leseni ya gari kulingana na ukubwa wa injini, hata kama gari imekaa mwaka mzima juu ya mawe. Bajeti ya 2017 ikaifuta, serikali ikahamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Maana yake ni kwamba tangu wakati huo anayetembea kidogo na kunywa kidogo ndo anayechangia kidogo. Serikali yenyewe haiangalii kama gari yako ina milango miwili au mitano. Inaangalia pampu.

Na kuagiza mpya kutoka Japani usijaribu. Gari iliyozidi miaka 10 inachapwa ushuru wa ziada wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wake tu, na Celica zote sasa zimeshapita huko kitambo. Hapo ng'ambo ya Holili, kwa Wakenya, gari ya zaidi ya miaka 8 hairuhusiwi kabisa kuingizwa. Kwa hiyo anayeitaka atafute zilizopo nchini tayari, za mkononi, na ajue anachonunua.

Maana kasoro zipo, na kuzificha itakuwa ni kumdanganya mtu. Injini za 1ZZ za mwanzo, za kabla ya 2002 hivi, zina tabia ya kula oili. Tatizo liko kwenye pistoni na ringi, vitundu vya kurudishia oili ni vidogo, vikiziba oili inaungua. Toyota walirekebisha baadaye. Ya mdada ni ya 2001, kwa hiyo ni ya kundi la walaji. Kila Jumamosi asubuhi anavuta kijiti, anafuta, anachungulia, na ana kidumu cha oili kwenye buti. Hiyo nayo ni gharama, iwekwe kwenye hesabu. Siku akisahau mwezi mzima, injini itamkumbusha kwa lugha ambayo fundi peke yake ndo anaielewa.

Iko chini pia. Njia ya kutoka lami kuingia kwake ina mawe na mfereji, masika anaiacha kwa jirani karibu na barabara na kutembea dakika tano na mwavuli. Bampa ya mbele imeshachunwa mara mbili. Siti za nyuma ni za watoto au za mikoba. Desemba, wakati kila Mchaga aliyeko duniani anarudi nyumbani, yeye Celica yake inabaki Pasua. Anapanda Noah ya binamu kwenda Kibosho, maana hakuna namna ya kupanda kule na shangazi wawili, mkungu wa ndizi na mbuzi kwenye gari ya milango miwili. Shangazi mmoja alishaijaribu kuingia siti ya nyuma siku ya kipaimara. Alipotoka alisema, "Mwanangu, hii gari inahitaji mtu asiye na magoti."

Lakini kwa kazi aliyoinunulia, kumpeleka mtu mmoja kazini na kumrudisha salama, inatosha na inabaki. Anavyoiendesha pia kunasaidia. Kwenda kazini ni kupanda, kurudi ni kushuka, na vijana wengi wa Moshi wakishuka wanaweka fri wakidhani wanabana mafuta. Kwenye gari za injeksheni ni kinyume. Ukishuka ikiwa kwenye gia na umeachia ekseleta, injini inakata mafuta kabisa, matairi ndo yanaizungusha. Ukiweka fri lazima imwage mafuta kidogo ili isizime, tena breki zote unazibebesha mteremko. Fundi ndo alimfundisha hilo, akalishika. Haendi mbio pia. Akimbilie wapi, na trafiki na tochi zao wako pale kwenye hamsini wanangoja elfu 30 ya mtu? Gari iliyoitwa ya mashindano inatembea mjini kwa 40, nyuma ya vifodi, ikiwa na mama wa watu anakwenda kupimwa presha.

Sasa kinachouma zaidi ya picha yenyewe. Mdada ana mchumba, mambo ya posa yalishaanza. Picha ikafika kwa ukwe mtarajiwa, kwa sababu hakuna picha isiyofika ukweni. Mama wa kijana, mama mwenye heshima zake na hakuna ubaya aliokusudia, kamwita pembeni: "Mwanangu, hiyo gari ni ya vijana wa kiume wasio na majukumu. Watu wanaongea. Tafuta gari ya heshima." Na gari ya heshima ikatajwa kwa jina: Harrier. Kijana naye, badala ya kusimama, akasema labda mama ana pointi. Kwa hiyo dada wa watu yuko kwenye mawazo ya kuuza Celica na kuongezea mkopo wa milioni 12.

Twende kwenye hesabu ya heshima basi. Milioni 12 kwa miaka minne, hata kama benki ingekuwa ya mjomba wake na haitozi riba, ni 250,000 kila mwezi. Harrier mjini ipe 8 kwa lita, kilomita zilezile 500 ni lita 62 na nusu, ni 187,500. Jumla 437,500 kwa mwezi, kila mwezi, miaka minne, bila tairi, bila riba, bila kitu. Kutoka 150,000 na kidumu cha oili. Mtu anaambiwa aongeze karibu laki tatu kwa mwezi ili watu wasimdhanie kuwa anaishi kwa hela asiyokuwa nayo, na njia ya kuthibitisha ni kuanza kuishi kwa hela asiyokuwa nayo.

Na yule mpiga picha? Wanaomfahamu wanasema ana Harrier. Ikifika tarehe 20 ya mwezi inapaki, anaonekana kwenye kifodi na miwani. Kuna wengi wa hivyo mjini hapa, wengine Harrier zenyewe wamezitoa kwa mikopo ya kausha damu na kadi ya gari iko kwa mtu. Hakuna aliyewapiga picha na kuandika "mshahara wa nani kweli?" Gari ndefu yenye milango mitano ikipita watu wanaona baba mwenye familia hata kama ndani yuko peke yake na madeni.

Halafu tusizungukezunguke, kuna suala la jinsia hapa. Moshi na Arusha zimejaa vijana wa kiume wenye Altezza. Altezza ina kilo zaidi ya 1,300, ina injini ya cc 2,000, ya silinda nne yenye hasira au ya silinda sita, na wengine wameshazitoboa mabomba ya moshi zinaamsha watoto saa saba usiku. Hao wanaitwa wasela, wanaitwa wapenda magari, wakipita watoto wanapunga mikono. Msichana kaja na gari nyepesi zaidi, inayokunywa kidogo zaidi, kimya, ya kwendea kazini, ghafla swali ni nani kamnunulia. Angekuwa kaka yake ndo yuko kwenye ile picha, maoni yangekuwa "mwanangu umetisha, mashine hiyo".

Ushauri kwa mchumba, kama anasoma: kaka, ukiona mtu anapima oili mwenyewe Jumamosi asubuhi, anajua lita zake na anajua gari yake inaishia wapi, huyo hajahongwa. Waliohongwa hawajui hata kijiti cha oili kiko wapi, maana kuna mtu analipa. Mama yako anaweza kuelezwa, tena kwa karatasi na kalamu, na mama wa Kichaga akionyeshwa laki tatu kwa mwezi inavyopotea atakuwa wa kwanza kuitetea hiyo Celica sokoni.

Akitaka kuuza siku moja, auze kwa sababu watoto wamekuja na siti za nyuma hazitoshi, au kwa sababu ringi zimechoka na fundi kasema basi. Hizo ni sababu za gari. Na ajue kabisa kuuza haitakuwa rahisi, atangoja miezi kama alivyongoja yule kaka wa Majengo, akipokea simu za "bei ya mwisho ngapi".

Mpaka wiki iliyopita ilikuwa haijauzwa. Ilionekana sheli ya kutokea Pasua, saa kumi na mbili asubuhi, mdada kavaa sare. Mhudumu akauliza, "Dada Celica, tujaze?" Akajibiwa, "Weka ya elfu ishirini, inanifikisha wiki hii."